Malalamiko: niliagiza feni moja kubwa, mkaniletea nne ndogo zenye kelele

Nyali,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Mauzo,

Bw/Bi,

KUH: FENI ZA KIFUNIKO CHA TANGI LA SAMAKI

Niliagiza kwenu feni moja ya milimita 120, ya volti 12, ya kufunga kwenye kifuniko cha tangi langu la samaki la maji ya chumvi ili kuyapoza maji. Nilieleza tangu mwanzo kwamba tangi liko sebuleni na kwamba ninachotaka kwanza ni utulivu. Zikaja feni nne za milimita 60. Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwa adabu kwamba ile kubwa imeisha stoo, kwamba nne ndogo zina eneo lile lile, na kwamba kwa kweli nimepunguziwa bei.

Hesabu ya eneo ni sahihi, sikatai. Lakini feni hainunuliwi kama zulia. Feni ya milimita 120 husukuma upepo wa kutosha ikizunguka taratibu, kama mara 1,000 kwa dakika. Hizi zenu zimeandikwa 3,800, kwa sababu pangaboi dogo lisipokimbia halisukumi kitu. Ile kubwa huvuma chini chini ukaisahau. Hizi zinalia kwa sauti nyembamba inayopenya hadi chumba cha ndani. Wageni wakija huuliza jenereta ni ya jirani yupi.

Kwenye boksi mmeandika desibeli 28, bila kusema zimepimwa kwa umbali gani. Hata tukiamini namba hiyo, ni ya feni moja. Kila vyanzo vya sauti inayolingana vinapoongezeka maradufu, desibeli hupanda 3, kwa hiyo nne pamoja zinafika 34. Hilo halikuandikwa popote.

Fundi wangu alijaribu kuziokoa. Alizipunguzia umeme hadi volti 9. Kelele ikashuka, lakini maji yakapanda hadi digrii 30 na matumbawe yakaanza kujikunja. Mnauza vifaa hivi hapa hapa Pwani, mnajua Machi ilivyo. Feni hulipoza tangi kwa kuyafanya maji yawe mvuke, na hewa yetu wakati huo tayari imejaa unyevu, hivyo upepo hauna budi kuvuma mchana kutwa na usiku kucha. Feni ya kelele basi si usumbufu wa saa moja mbili. Mama yangu analala chumba cha pili na sasa anafunga mlango, kwenye joto hilo.

Kuna na hili la beringi. Hizi ni za bushi, yaani ekseli huzunguka ndani ya bomba dogo lenye mafuta, si za gololi. Feni ya bushi ikilazwa kifudifudi juu ya maji yenye joto, mafuta yake hukauka upesi, na kweli moja tayari inakwaruza: ukiisukuma kwa kidole inasita kabla ya kuzunguka. Wavu wake umeshika kutu ya chumvi. Ukiuza feni ya juu ya maji ya bahari, mteja anatarajia iwe imezibwa isiingie unyevu. Vinginevyo uza ya kompyuta na useme ni ya kompyuta. Hata vile vipande vya mpira vya kuzuia mtetemo havikuwemo, tukalazimika kuzikaza kwa skrubu moja kwa moja kwenye mbao, na kifuniko chote kikawa ngoma.

Naomba mnibadilishie kwa feni niliyoiagiza: milimita 120, volti 12, beringi za gololi, iliyozibwa dhidi ya unyevu, pamoja na mipira yake. Kama haipo, nirudishieni fedha zote pamoja na nauli ya kuletewa. Sitapokea vocha ya kununulia kitu kingine dukani. Hizi nne njooni mzichukue. Sioni kwa nini nigharamie kurudisha mzigo ambao sikuuagiza.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Nisipopata jibu la maandishi katika siku 14, nitapeleka shauri hili kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia hupokea malalamiko ya wanunuzi.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za boksi na ujumbe wangu wa kuagiza, ambamo namba 120 imo mara mbili.

Mteja wenu,
Nyali.