Mifuniko yetu miwili haijarudi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Nimelisoma gazeti lako tangu nilipokuwa mwalimu wa darasa la tatu, na sasa ni mstaafu mwenye wajukuu, lakini sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Habari mliyoichapa hivi karibuni kuhusu semina ya maridhiano, ile yenye picha ya washiriki walioshikana mikono mbele ya bustani ya hoteli, ndiyo iliyonitoa kimya. Bila shaka unaikumbuka. Mliandika kwamba mtoa mada aliwataka wananchi wajifunze kupendana, na kwamba kikwazo cha umoja wa Zanzibar ni watu wa ngazi ya chini, ambao bado hawajaelimishwa vya kutosha.

Mimi ni mtu wa ngazi ya chini, Mhariri. Naishi kijijini, kaskazini ya Pemba, na napenda kumkumbusha mtoa mada huyo kwamba swali lake tulikwishaulizwa na tukalijibu. Tarehe 31 Julai 2010 tulipanga foleni tukaulizwa kama tunakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Wale waliosema hapana walibaki majirani zetu, na mchana wa siku ya pili tulikutana nao kisimani kama kawaida. Sikumbuki mtu yeyote aliyelipwa posho ili atufundishe namna ya kusalimiana.

Kama kuna watu wanaohitaji semina, basi tuwatafute kwa kufuata tarehe. Mwaka 1999 viongozi wa CCM na CUF walitia saini Muafaka, yaani mkataba wa maridhiano baina ya vyama vyao, nao haukutimizwa. Januari 2001 watu waliuawa katika visiwa hivi, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakaishi huko kama wakimbizi. Oktoba ya mwaka huohuo ukatiwa saini Muafaka wa pili, kwa kalamu nzuri zaidi. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu, na hapo kweli tulipumua, wala sitaki nionekane mtovu wa shukrani, kwa sababu miaka ile michache iliyofuata ndiyo niliyowaoza binti zangu wawili bila kumpigia hesabu mgeni hata mmoja. Lakini tarehe 28 Oktoba 2015 tukatangaziwa kwamba uchaguzi wa siku tatu nyuma umefutwa, tarehe 20 Machi 2016 ukarudiwa, baadhi yetu tukaenda kupiga kura na wengine wakasusia wakabaki majumbani, na kuanzia jioni ile kila mmoja alijua nani alitoka na nani hakutoka, maana kijiji ni kidogo na wino wa kidoleni haufutiki kwa siku moja. Desemba 2020 Maalim Seif akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, wakubwa wakapeana mikono tena, nanyi mkachapa picha tena. Mikono yao nimeiona ikishikana na kuachana mara nyingi kiasi kwamba naitambua hata bila ya sura. Kisha leo anatokea mtu hotelini, baada ya chai ya saa nne, anasema kwamba tusiojua kupendana ni sisi.

Hata hivyo sikuandika barua hii ili nijitakase. Kususiana ni maradhi yetu wenyewe na ni ya zamani. Wazee wetu walitusimulia zama za siasa, baada ya uchaguzi wa 1957, jinsi watu walivyosusiana maduka, magari na hata maziko, mpaka damu ikamwagika mjini Juni 1961. Sisi tuliosimuliwa tukatikisa vichwa kwa masikitiko, na baada ya uchaguzi wa 1995 tukafanya yaleyale hapa Pemba. Hakuna kiongozi aliyekuja kunishika mkono nisiende kununua sukari duka la jirani. Nilikwenda mwenyewe duka la mbali, kwa miguu yangu, jua likiwa kichwani.

Mtaani kwetu tuna vyombo vya shughuli, vilivyonunuliwa kwa mchango wa kila nyumba, kidogo kidogo, kwa miaka: masufuria 6 makubwa pamoja na mifuniko yake, masinia 40, majamvi 12 na birika 4 za kunawia. Kila anayeoza, anayefiwa au anayesoma maulidi huviazima, na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, ndiye niliyekabidhiwa daftari. Mwezi wa Aprili 2016 kikao kiliitishwa katika baraza ya nyumba yangu kwa ajili ya kuvigawa. Upande mmoja ulisema hautakula tena katika masinia ya watu waliokwenda kupiga kura, na upande wa pili ukajibu kwamba haukuwa na haja ya kula na wasusiaji. Tulipofika kwenye masufuria ukazuka ugomvi juu ya lile kubwa kuliko yote, na baada ya Alasiri mbili mfululizo bila ya suluhu, mzee mmoja, kwa hekima iliyokuja kutugharimu, akapendekeza kwamba upande mmoja uchukue masufuria yote na wa pili uchukue mifuniko na masinia. Yeye alidhani kwamba dhiki itaturudisha pamoja kabla ya mwezi kuandama. Hakutujua vizuri. Wenye mifuniko walipika katika vyungu vya nyumbani, kilo tatu tatu, na sisi wenye masufuria tukabandua mabati ya banda la kuku, tukafunikia wali, tukapalia makaa juu yake, tukawapakulia wageni wetu katika mabeseni ya kufulia, huku tukijisifu kwamba hatukumhitaji mtu.

Mwaka 2017 jirani yangu wa upande wa pili alifiwa na mume wake. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa makuti tu. Nilisikia kilio cha kwanza, nikainuka, nikafunga dirisha. Sikwenda, wala ubani sikupeleka, nami ndiye niliyewafundisha watoto wake wanne kusoma. Mwaka uliofuata akafariki dada yangu mkubwa, nami nikalipwa kwa sarafu ileile: mwanandani ulichimbwa na vijana watano waliokuwa wakipokezana jembe moja, na jeneza lilipopita mbele ya baraza ya upande wa pili, vijana waliokuwa wamekaa pale waliinamisha vichwa wasilitazame, na mmoja wao ni kijana ambaye marehemu alimlea kwa uji wa mkono wake. Tunafundishwa kwamba kumzika maiti ni faradhi ya kutoshelezana, wakizika wachache jamii yote imetoka katika dhima. Wachache walitosha. Lakini nilipowahesabu wale waliorudi kutoka makaburini nilielewa kwamba hesabu ile ilianzia kwenye dirisha langu.

Siku ya khitma, kabla jua halijapanda, mjane yule akaingia uani kwangu na kifuniko kichwani. Hakutoa salamu ndefu. Aliliondoa bati, akalitupa pembeni, akafunika sufuria, akasema kwamba bati la banda la kuku halipaliwi moto juu ya chakula cha khitma, kisha akavuta mbuzi, akaketi na kuanza kukuna nazi za sufuria la pili. Sote tuliokuwapo tukanyamaza. Hakukuwa na mtoa mada. Mpaka leo mimi na yeye hatujaombana radhi kwa maneno, na sidhani kama tutaombana, lakini ule ua wa makuti ulipoanguka kwa mvua za masika, hakuna kati yetu aliyeusimamisha tena. Baada ya pale mifuniko mingine mitatu ilirudi, mmoja mmoja, bila ya kikao, na masinia 31 kati ya 40.

Naomba niseme jambo moja jingine kabla sijamaliza, kwa sababu linahusiana na hili na limenikaa kooni. Wanasiasa wetu wamezuka na tabia ya kugeuza maziko kuwa mikutano. Maiti hajafukiwa vizuri, anasimama mtu kutoa salamu za chama, akitoka huyo anasimama wa chama cha pili ili asionekane amezidiwa, na kijana wao yuko juu ya kaburi la jirani na simu mkononi, anapiga picha. Mwenye kufiwa amesimama juani anasubiri waheshimiwa wamalize kushindana kumhurumia. Na gazeti lako, Mhariri, huzichapa picha hizo na kuandika chini yake kwamba ni ishara ya mshikamano. Alipozikwa Maalim Seif kule Mtambwe, Februari 2021, watu wa vyama vyote walifika, na wengi wao hakuna aliyewapiga picha wala kuwauliza kadi. Walishika udongo, wakatia, wakaondoka. Hao ndio mngewatafuta mkazungumza nao.

Sasa, kwa kuwa ninyi wa mjini hamuipendi barua isiyo na mapendekezo, nami ninalo langu. Semina ijayo isifanywe hotelini. Ifanywe katika kijiji kimoja, chini ya mwembe, siku ambayo mtu amefiwa, na kila mshiriki, awe mbunge, mwakilishi au diwani, atakiwe kwenda kumzika marehemu wa upande usiokuwa wake, bila ya fulana ya chama, bila ya hotuba na bila ya mpiga picha, alibebe jeneza hatua 40 kamili, kisha akae kwenye jamvi na majirani ale kwa mkono katika sinia moja na asiyempigia kura. Posho atalipwa na mjane yule, kwa nazi. Na ikiwa waandaaji wataona kwamba shughuli hiyo haiendani na bajeti yao, basi fedha za chai ya saa nne peke yake zinatosha kutununulia mifuniko miwili iliyobaki, na tuletewe bila ya hafla ya makabidhiano.

Lakini wasiharakishe kuinunua. Siku ile ya kugawana, nilipofika kwenye safu ya maelezo katika daftari, niliambiwa niandike kwamba vyombo vimegawiwa. Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba vimeazimwa, nikaacha wazi nafasi ya tarehe ya kurudishwa, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kulisoma tena daftari kwa hasira alizokuwa nazo, hakuna aliyegundua. Nafasi nne za mifuniko nimekwishazijaza. Zilizobaki ni za mfuniko wa sufuria nambari 3 na wa nambari 5, na nyumba zilizonazo nazijua. Moja ya nyumba hizo ina binti atakayeolewa mwezi ujao, na juzi walimtuma mtoto aniulize, kwa mbali, kama lile sufuria kubwa bado lipo kwangu. Nimemjibu kwamba lipo, limesuguliwa kwa mchanga, na waje kulichukua na kitu cha kulifunikia.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Pemba.