Kazi za mikono za msimu wa joto ziwe za watoto wenyewe

Mhariri,

Kila msimu wa joto unapowadia, ukurasa wa watoto wa gazeti lako huchapisha michoro ya jua, samaki, miavuli na mashua za kupaka rangi na kukata, ili watoto wakae ndani jua likiwa kali. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na nakushukuru kwa nafasi hiyo, kwani magazeti mengi huwasahau kabisa watu wa nyumbani ambao bado hawajajua kusoma. Hata hivyo, naomba unipe nafasi nieleze kwa nini naona michoro hiyo inamnyima mtoto sehemu iliyo bora zaidi ya kazi yenyewe.

Mchoro uliokwisha kamilika, wenye mistari ya kukatia na alama za mahali pa kupaka gundi, humwachia mtoto wa miaka 4 jambo moja tu la kuamua, nalo ni rangi. Na mara nyingi hata hilo huamuliwa na mtu mzima aliyeketi kando yake akimkumbusha kwamba jua ni la manjano. Mkasi nao huishia mikononi mwa mzazi. Kwa kawaida mtoto wa miaka 3 huweza kufumba mkasi mara moja na kunyofoa kipande kwenye ukingo wa karatasi. Wa miaka 4 huanza kufuata mstari ulionyooka. Kona na miduara huja baadaye, karibu na miaka 5 au 6. Kwa hiyo jua lenye miale iliyochongoka, kama lile mnalolichapisha, ni kazi ya mama au baba, na mtoto hubaki kuwa mtazamaji wa kitu kitakachobandikwa ukutani kwa jina lake. Mpe badala yake ukanda wa karatasi wenye upana wa vidole viwili. Kila akifumba mkasi, kipande kinadondoka, na kila kipande ni mwale. Atavibandika kuzunguka duara apendavyo, pengine vyote upande mmoja, na jua lake litakuwa limeegemea kushoto. Sioni ubaya wowote katika jua la namna hiyo.

Fikra hii si mpya. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliweka kukunja karatasi, kuikata, kuisuka na kufinyanga udongo miongoni mwa shughuli za msingi za watoto, na alianza na vitu sahili kabisa, kama vile kipande cha karatasi chenye pembe nne ambacho mtoto alikigeuza kuwa kitu kingine kwa mikono yake.

Kuhusu kukaa ndani, sina ubishi. Mionzi ya jua huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na ngozi ya mtoto mdogo huungua upesi. Tatizo ni kwamba saa hizo sita hujazwa kwa urahisi mno na televisheni na simu, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa moja kwa siku. Mchoro wa kupaka rangi humshughulisha mtoto kwa dakika chache tu, kisha anauliza simu iko wapi. Shughuli inayomshika kwa muda mrefu ni ile ambayo yeye mwenyewe hajui itaishia wapi, na joto linatupa shughuli za aina hiyo kwa wingi.

Nitaje ninayoipenda kuliko zote. Chukua karatasi ya rangi iliyokolea, ya buluu au zambarau, ya aina ile ya kawaida ya darasani ambayo hupauka haraka, uiweke kwenye kizingiti cha dirisha linalopigwa na jua. Mtoto apange juu yake vitu vya kuchagua mwenyewe: jani, ufunguo, pete ya pazia, kifuniko cha chupa. Viachwe hapo kwa siku kadhaa bila kuguswa, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka 5 ni zoezi kubwa la subira. Vikiondolewa, karatasi yote imepauka isipokuwa palipofunikwa, na umbo la ufunguo limebaki na rangi yake ya awali, hadi meno yake. Mtoto amechora kwa kutumia jua, bila penseli. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel alipobuni mwaka 1842 njia ya kuchapa picha za buluu kwa mwanga wa jua kwenye karatasi iliyopakwa kemikali, mtaalamu wa mimea Anna Atkins aliitumia muda mfupi baadaye kuchapa maumbo ya mwani wa baharini. Kemikali hizo si za kuwapa watoto wadogo, lakini mshangao wa kuliona umbo likijitokeza ni ule ule, na dirisha la jikoni linatosha kuuleta.

Barafu nayo ina mvuto wake. Maji yenye rangi ya chakula yakigandishwa kwenye vikombe vidogo, kila kimoja kikiwa na kijiti katikati, huwa kalamu inayoyeyuka mkononi. Mwanzoni, barafu ikiwa kavu na ngumu, haichori kitu, na watoto hulalamika. Kisha hulainika, rangi inakolea, mistari inapanuka na kuingiliana, na kijani kinatokea mahali ambapo buluu imekutana na manjano bila mtu yeyote kupanga. Tumia karatasi nzito na utandike kitambaa chini. Nguo zitachafuka, na mzazi asiyeweza kulivumilia hilo afadhali asianze.

Unga wa chumvi unajulikana, kwa hiyo sitauongelea sana: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, ukandwe hadi usinate. Hutoa makombe na viti vya pweza vizuri sana, na hukauka wenyewe kwa siku chache ukifinyangwa mwembamba. Lakini msimamizi asiondoke, kwa sababu chumvi iliyomo ni nyingi kiasi cha kumdhuru mtoto akiula. Tahadhari ya namna hiyo ndiyo inayokosekana kwenye ukurasa wenu. Wiki chache zilizopita mlipendekeza shanga na vifungo viwe macho ya samaki, bila kusema ni kwa watoto wa umri gani; mtoto aliye chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani, na kifungo kinatosha kumkaba. Zile shanga zinazovimba zikitiwa majini ni hatari zaidi, kwani huendelea kuvimba tumboni. Na vumbi la plastiki la kumetameta mnaloliagiza karibu kila toleo, mbali na kwamba halitoki sakafuni hadi msimu mwingine, Umoja wa Ulaya ulianza kulipiga marufuku mwezi Oktoba 2023, kwa kuwa vipande vyake huishia kwenye mazingira.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Badala ya mchoro, chapisheni maelezo mafupi kwa mtu mzima: vifaa gani viandaliwe, umri unaofaa, hatari iko wapi, na mahali pa kumwachia mtoto aendelee peke yake. Karatasi ya gazeti ni nyembamba na huchanika ikilowa gundi, hivyo michoro yenu mara nyingi haifiki ukutani hata ikikatwa vizuri. Lakini karatasi hiyo hiyo hukunjika kwa urahisi kuliko nyingine yoyote. Nusu ukurasa ukikunjwa mbele na nyuma, kisha ukafungwa uzi upande mmoja, huwa upepeo. Mikunjo ya mtoto wa miaka 4 haitalingana, mmoja mpana na mwingine mwembamba, na upepeo wake utatoa upepo vilevile. Ukurasa mzima hutoa mashua au kofia. Ukurasa wa watoto ukiwa na maelezo hayo, kurasa za michezo na za matangazo zilizokwisha kusomwa zitatosha kuwa vifaa.

Wako,
Mwalimu wa chekechea