Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Zimekaa sawa, sitazigusa. Nina jambo moja, na najua halitawafurahisha wote.

Vikao vyetu vya Jumamosi mwaka huu vilihusu historia ya kaskazini mashariki mwa Kenya. Vijana wengi hawakujua kwamba mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kama eneo letu lilivyoitwa na wakoloni, ikawauliza wenyeji wanataka nini, ikaandika kwamba walio wengi wanataka kujiunga na Somalia. London ikaamua vingine. Afadhali wasingeulizwa! Mwaka 1963 Wasomali wakasusia uchaguzi wa Mei, na Desemba, uhuru haujatimiza mwezi, hali ya hatari ikatangazwa. Mapatano ya Arusha ya 1967, chini ya Kenneth Kaunda, rais wa Zambia, yalituliza vita vya Shifta, yaani vya wapiganaji waliotaka kujitenga na Kenya, lakini sheria za hali ya hatari zilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtoto aliyezaliwa vitani alikuwa mtu mzima bado anaishi chini ya sheria hizo.

Kuhusu vitambulisho kuna nafuu. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba vijana wa mpakani hawatapigwa tena msasa wa peke yao. Wazee wetu waliobeba kadi za ukaguzi za mwaka 1989, walizopewa Wasomali wa Kenya peke yao, walinyamaza tu waliposikia. Tumekubaliana kufuatilia utekelezaji, maana tangazo si kitambulisho.

Sasa jambo lenyewe. Wazazi wetu walitaka kujitenga, sisi tukapata ugatuzi. Katiba ya 2010 inazipa kaunti zote 47 kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, tena ikaweka Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, japo hiyo imekuja kwa kusuasua. Pesa zimefika Garissa, Wajir na Mandera. Ugomvi nao umefika. Zamani tuliilaumu Nairobi kwa sauti moja. Leo tunahesabiana koo kabla ya kuhesabu visima. Wazee wa koo hugawa viti vya uongozi mezani kabla ya uchaguzi ili damu isimwagike, na mara nyingine husaidia. Lakini Mandera mwaka 2017 wazee wa ukoo wa Garre waliwataka viongozi waliokuwa madarakani wasigombee tena. Gavana akagombea, akashinda.

Nayasema haya kwa sababu ugonjwa huo umeingia humu ndani. Mwezi wa nane nililetewa hoja kwamba viti vya kamati yetu vigawanywe kwa ukoo, na ukoo usio na wanachama 20 usubiri zamu. Nilikataa kuipeleka kwenye kamati. Walioileta wamesusia vikao tangu hapo, na wawili kati yao ni marafiki zangu wa miaka mingi. Huenda nilikosea kuikalia. Hoja ya mwanachama haizimwi na mwenyekiti peke yake. Kwa hiyo iko mbele yenu leo, ajenda ya 6, kura ya siri. Mimi nitapiga ya hapana. Ikipita, mtafuteni mwenyekiti mwingine.