Mpwa wangu, ubeti wa pili usiufute

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Unguja. Bibi yako mzima, ila goti linamsumbua kila mvua ikinyesha, na kila siku anaulizia lini utavuka kuja kumwona.

Wimbo wako ulionitumia usiku wa kuamkia Ijumaa nimeusikiliza mara nne. Ya nne nilitoka nje nikakaa barazani, maana sikutaka bibi yako anione nilivyokuwa. Ndipo nikasoma ujumbe uliofuata: kwamba produsa amekushauri uufute ubeti wa pili, ule wa mama yako, kwa sababu nyimbo za shida hazipigwi redioni, na kwamba ukibakisha kiitikio na ubeti wa kwanza utapita bila tatizo. Umeniuliza naonaje. Nakujibu hapa mbele za watu, jina lako nimelihifadhi, kwa kuwa najua vijana wengi wanaoandika nyimbo wameambiwa maneno hayo hayo.

Usiufute. Kama kuna cha kufuta, futa wa kwanza.

Ubeti wa kwanza unasema viongozi ni wezi, nchi inaliwa, mnyonge anaumia. Sikatai. Lakini maneno hayo anaweza kuyasema mtu yeyote, hata mwizi mwenyewe akipanda jukwaani wakati wa kampeni, na mimi nimewasikia kwa masikio yangu wakiyasema. Ubeti wa pili unasema kwamba saa kumi na moja alfajiri mama amewasha jiko, mgambo wamefika na gari, mafuta yamemwagwa, mihogo imekanyagwa, karai limetupwa garini, na kesho yake mama amelipa elfu thelathini kulikomboa na risiti hakupewa. Hayo mwizi hawezi kuyaimba. Ndiyo maana yanaogopwa.

Ngoja nikupeleke nyuma kidogo.

Unamjua Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, kwa jina, najua, na picha yake umeiona. Lakini fikiri alikotoka. Alizaliwa Fumba miaka ya 1880, katika ukoo wa watumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria hapa Unguja mwaka 1897, yaani yeye ni binti tayari. Alikuwa akibeba vyungu kichwani kutoka shamba mpaka mjini kuviuza, na watu wakaanza kuijua sauti yake kwa namna alivyokuwa akinadi vyungu njiani. Alipohamia mjini mwaka 1911 na kuanza kusifiwa, waliomwonea kijicho walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba alikuja mjini amevaa kaniki tu, na kama si sauti angekula nini. Kaniki, mpwa wangu, ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa na mtu wa shamba. Kwa hiyo tusi lenyewe lilikuwa la tabaka: wewe ni wa chini, nani kakupa ruhusa ya kukaa na sisi? Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert aliyahifadhi majibizano hayo katika wasifu aliomwandikia.

Lakini wimbo ninaotaka uusikilize kwa makini ni Kijiti.

Mwanamke alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam, mgeni, mjamzito. Mwanamume aliyeitwa Kijiti akamchukua pamoja na wenzake kwenda kustarehe, pombe ikanywewa, na mwisho wake mwanamke yule alitendewa ukatili na kuuawa. Kijiti akatoroka. Wanawake waliojua kilichotokea wakajitokeza mbele ya mahakama ya kikoloni kutoa ushahidi, na mahakama ikawageuzia kibao wao: walioadhibiwa ni mashahidi. Muuaji hakuguswa.

Kwenye rejista ya mahakama kesi ile ingekuwa mistari michache, ikafungwa kabatini. Siti akaifungua. Aliimba jina la mtu, aliimba alichokifanya, aliimba jaji alivyokuwa kitini pake na hukumu aliyoitoa. Hakuchora picha ya serikali mbovu kwa maneno makubwa. Alieleza kesi moja, hatua kwa hatua, kama shahidi wa mwisho ambaye hakuna jaji wa kumfunga. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay na wenzake kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, na mtu aliyekuwa na gramafoni akaweza kukaa na watu wake na kuzisikia habari za watu wa chini zikiimbwa kwa Kiswahili chao. Mwaka huo huo watu wa Ng'ambo, mitaa ya maskini nje ya Mji Mkongwe, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Sisemi santuri ndizo zilizowagomesha. Nasema walikuwa watu wale wale, wa mitaa ile ile, wanaolipa kodi na wanaoimba.

Nilimsikia Bi Kidude, mwimbaji wa hapa Unguja, akiuimba Kijiti alipokuwa mzee sana, sauti imekwaruza kama mlango wa kale. Alifariki mwaka 2013. Fikiria hilo: jaji hatumjui, mahakama ile haipo, ufalme uliomweka umeondoka, na mgeni yule kutoka Dar bado analiliwa.

Najua utaniambia, mjomba, pwani tunasema kwa mafumbo. Kweli, na mafumbo nayapenda kuliko wewe. Taarabu imelelewa na fumbo, na fumbo limewaokoa wengi ambao wangesema wazi wangepotea. Lakini tofautisha fumbo na kukwepa. Mwenye fumbo anajua anamsema nani, na msikilizaji naye akitulia anajua. Ubeti wako wa kwanza hauna fumbo ndani yake. Hauna mtu.

Sasa hapo kwenu Dar. Kila siku unapita kituo cha Sinza kwa Remmy, kondakta anaita, watu wanashuka. Ni wanamuziki wangapi wamepewa kituo cha daladala na abiria wenyewe? Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar mwaka 1978 kujiunga na bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila. Alikuwa mgeni, maskini, na mwenyewe alikuwa akijiita sura mbaya. Akaimba Mnyonge Hana Haki. Sikiliza anavyoimba mule ndani: hamwonei mnyonge huruma kwa mbali, anaongea akiwa amekaa naye benchi moja. Halafu mwaka 1990 akatoa Mambo kwa Soksi, kuwaambia watu watumie kondomu wakati UKIMWI unamaliza vijana, na redio ya taifa, ambayo wakati ule ndiyo redio pekee Bara, ikakataa kuupiga. Watu wakausikia ukumbini na kwenye kaseti. Hebu mwambie produsa wako hilo: kuna nyimbo zilizokataliwa redioni na wananchi wakazibeba wenyewe.

Na kuna njia nyingine ya kumsema mkubwa bila kumtukana, ambayo kwa kipaji chako naiona inakufaa. Msanii wa rap Professor Jay alipoimba Ndio Mzee mwaka 2001, hakusimama kuwalaani wanasiasa. Alimpa mwanasiasa maikrofoni. Akamwacha aahidi, aahidi, aahidi, na umati uitikie ndio mzee. Mpaka wimbo unaisha umemjua yule mtu mpaka jasho la kwapani, na umejiona na wewe mle katika umati unavyoitikia. Hilo ndilo lililoniuma mimi nilipousikia mara ya kwanza, kwamba nami niliwahi kuitikia. Eric Wainaina wa Kenya, mwaka huo huo, aliichukua lugha ya wala rushwa wenyewe, kitu kidogo, akaifanya jina la nchi nzima: Nchi ya Kitu Kidogo. Neno walilokuwa wakinong'onezana wao kwa wao madirishani likaimbwa na watoto.

Ila kuna jambo la kuchunga, na hili wengi hawalisemi. Mkubwa akiudhiwa na wimbo huwa hana njia moja tu ya kuuzima. Anaweza kuupiga marufuku, na anaweza kuukumbatia. Mwaka 2002 Kenya, Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, wimbo wa vijana wawili wanaosema hawatishiki, ulichukuliwa na muungano wa vyama ulioitwa NARC ukawa wimbo wa kampeni, na NARC ikaingia Ikulu. Waliopanda magari ya serikali baada ya pale hawakuwa wale vijana wa mtaani.

Na hapa kwetu, Machi 2017, msanii wa rap Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ikaufungia wimbo, na siku iliyofuata ikatangazwa kwamba Rais wa wakati ule, Magufuli, mwenyewe ameupenda, aachiwe, upigwe, na awaongeze humo wakwepa kodi. Watu walishangilia. Mimi nilifurahi kijana wa watu amerudi kwao, lakini sikushangilia. Ikiwa mtu mmoja anaweza kuufungulia wimbo kwa sababu ameupenda, basi na ule asioupenda je? Haikupita hata wiki mbili tukapata jibu la kutisha. Tarehe 5 Aprili mwaka huo huo msanii mwingine wa rap, Roma Mkatoliki, na wenzake walichukuliwa studio Dar es Salaam na watu wasiojulikana, wakaonekana tena baada ya siku tatu wakiwa na majeraha.

Kwa hiyo sina haki ya kukuambia usiogope. Mimi nimekaa barazani, studio uko wewe. Ukiniambia kesho, mjomba, nimeogopa, nimeufuta, nitakupenda vile vile na tutakula pamoja Idi. Ninachokukatalia ni sababu uliyonipa. Ulisema haulipi. Ulisema watu hawataki kusikia shida. Mpwa wangu, watu wanasimama saa mbili kituoni wakisubiri gari, wanalipa kodi ya nyumba miezi sita kabla ya kulala humo hata usiku mmoja, wanaambiwa dawa hakuna, wakanunue duka la ng'ambo ya barabara. Hawajachoka kusikia habari zao. Wamechoka kuimbiwa kwamba hazipo.

Kuna kazi moja imebaki, na si ya studio.

Ule ubeti si wako peke yako. Habari ile ni ya dada yangu, na asubuhi ya kesho yeye ndiye atakayekuwa pale pale, mgambo wale wale wakipita. Ukiimba jina la soko na siku, wewe utapigiwa makofi na yeye atatafutwa. Siti aliwaimba mashahidi waliokwisha kuadhibiwa. Wa kwako bado anauza. Kwa hiyo kabla hujarudi kwa produsa, nenda Jumapili jioni mama yako akiwa anamenya mihogo ya kesho, chukua kisu umsaidie, na umwimbie yeye kwanza. Akikuambia litoe jina la soko, litoe, ubeti hautapungukiwa. Akikuambia siku ile hakulia, basi ule mstari wa machozi uufute. Na kuna jambo hukulijua kwa kuwa hakukuambia: karai lile halikuwa lake, aliliazima kwa jirani, na ile elfu thelathini aliikopa kwenye kikoba ili alirudishe kabla jirani hajauliza. Akikubali, hilo nalo liingie.

Nasubiri rekodi. Bibi yako naye anasubiri, ingawa yeye anasubiri wewe.

Mjomba wako,
Ng'ambo, Unguja