Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: wagonjwa wafundishwe kubana pumzi kabla ya CT scan ya tumbo

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Mimi ni mtaalamu wa mionzi mstaafu, naishi Ujiji. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linamgusa mgonjwa yeyote wa mkoa huu, awe wa Kibondo au wa Uvinza, na kulirekebisha hakuhitaji bajeti ya mashine mpya.

Katika kazi yangu, picha za tumbo nilizoona zikiharibika ziliharibiwa zaidi na pumzi kuliko ubovu wa mashine. Mtu akivuta hewa, kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kinashuka, na ini, bandama, figo na kongosho vinashuka nacho, pengine sentimita mbili au zaidi. Mashine ya CT scan, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, inalipita tumbo lote kwa sekunde chache tu. Mgonjwa akipumua katikati, ukingo wa ini unatoka maradufu, na uvimbe mdogo unaweza usionekane kabisa.

Nilimshuhudia bibi mmoja amelala mezani, kanga imemfunika miguu, mikono kainyoosha juu ya kichwa kama alivyoelekezwa, maana mifupa ya mikono ikibaki ubavuni huchora michirizi kwenye ini. Ghafla sauti ndani ya mashine ikamwamuru kwa Kiingereza avute hewa na kuizuia. Bibi akageuza shingo kumtafuta anayemsemesha, akaitika, "Abee?" Picha zikapigwa akiwa anaitika.

Na wakati ulishapita. Kwa ini, picha nzuri hupatikana kama sekunde 70 baada ya kuanza kudunga mshipani kontrasti, yaani dawa inayofanya viungo vionekane wazi kwenye picha. Ukiikosa nafasi hiyo, kurudia ni kumpa mgonjwa dawa nyingine na mionzi mingine, na huenda figo zake ni dhaifu. Wapo wanaoamini kwamba mionzi ikiongezwa picha itasafika. Ndugu yangu, kupunguza chenga, yaani vidoti vinavyochafua picha, kwa nusu kunataka mionzi mara nne, na picha iliyotikisika haiponi hata uongeze kiasi gani.

Mashine nyingi za CT scan zinaruhusu kurekodi sauti yako mwenyewe. Naomba uelekeze maagizo yarekodiwe kwa Kiswahili na Kiha, na Kirundi pia kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Iwe sauti ya mtu wa hapahapa, isiyo na haraka, yenye nafasi ya kutosha kati ya "vuta" na "bana".

Kisha mgonjwa afanyishwe mazoezi akiwa bado kwenye benchi, kabla hajaingia chumbani. Hapo ndipo utamjua mzee asiyeweza kubana hata sekunde 10, na mtaalamu atapanga mapema kumpiga picha kwa mwendo wa kasi zaidi au kumwacha apumue kwa juujuu. Dakika tano zinatosha. Najua foleni ni ndefu, lakini anayerudiwa kupigwa ndiye anayeirefusha zaidi.



Kiha nakizungumza tangu utotoni. Niko tayari kuja kurekodi bila malipo, siku yoyote utakayopanga.

Wako katika huduma,
Mtaalamu wa mionzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma