Kaka, ile kura yako bado iko kwenye ukuta wa nyumba ya Barani, Malindi

Asalaam aleikum kaka. Ile voisi yako ya Ijumaa nimeisikiza mara tatu, ile unayosema na sisi Kenya tungepiga kura ya maoni tumalize ubishi mara moja kama Waingereza walivyopiga 2016 kutoka Umoja wa Ulaya. Mara moja! Nilikuwa nakaanga viazi karai nikazima jiko nikacheka peke yangu. Nikasema nikijibu kwa simu utanikatiza kama kawaida yako, bora niandike hapa na wengine wasome, jina lako silitaji usijali.

Unakumbuka Juni 2016? Ilikuwa Ramadhani. Ulipiga simu usiku ukaniambia ushapiga kura yako, umechagua watoke Ulaya, eti Wapolandi wakipungua hapo kwenu Hull, Uingereza, visa za watu wetu zitafunguka. Mimi nikashangaa kwanza wewe umepigaje kura na pasipoti yako ni ya Kenya, ukanieleza ukitoka nchi ya Jumuiya ya Madola na unakaa huko unaruhusiwa. Sasa yule mama Mtaliano ninayempelekea samaki hapa Malindi, mdogo wake alikuwa London miaka kumi na tisa, analipa kodi, kura hakupewa kwa sababu ni Mtaliano. Wewe wa Barani unaamua, yeye anaangalia. Haya.

Matokeo yalikuja asubuhi ya Ijumaa tushakula daku, asilimia 51.9 kwa 48.1, yaani nchi imekatwa katikati kama papai, na pauni ikaanguka kwa dola mpaka mahali haijafika tangu 1985. Wewe ulikuwa unatuma pauni 200 kila mwezi za nyumba. Kabla ya hapo pauni ilikuwa inachezea shilingi 150, hiyo ni elfu thelathini, fundi analipwa, simiti inanunuliwa na mimi nabaki na ya tuktuk. Kufika Oktoba ikawa kama 125. Elfu ishirini na tano, na bei ya simiti haijui mambo ya Ulaya.

Na kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha. Mbao zishafungwa, vyuma vimelala juu ya mchanga, fundi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na simu yangu mkononi anasoma meseji ya M-Pesa kwa sauti, halafu ananitazama, "Mbona imepungua, kaka yako amefutwa kazi?" Nikamwambia wazungu wamepiga kura. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sisi tumewakosea nini?" Sikuwa na jibu kaka. Vile vyuma vikakaa mpaka mvua za vuli zikavikuta pale pale, ukipitisha kidole kinatoka chekundu kama umetoka kupaka hina.

Halafu na wewe ndiye uliyekuwa unajisifu na kazi ya umeme wa upepo hapo bandarini! Hull yenyewe zaidi ya theluthi mbili walisema tutoke, na Hull hiyohiyo ndipo Siemens, kampuni ya Wajerumani, na wenye bandari walikuwa wanatia pauni milioni 310 kutengeneza mabawa ya mitambo ya upepo. Siku chache tu baada ya kura Siemens wakasema mipango mipya ya upepo huko Uingereza wanaisimamisha kwanza waone. Kiwanda kilifunguliwa Desemba, sikatai, hicho pesa yake ilikuwa ishaingia.

Lakini linalonichekesha mpaka leo ni la benki. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ambayo wenye hisa ni nchi za Umoja wa Ulaya, ukitoka Umoja na benki unatoka, ilikuwa inakopesha Uingereza kwa riba nafuu, hata ile mitambo ya upepo ya baharini, 2016 ilitoa karibu yuro bilioni 7, mwaka uliofuata, barua ya kutoka Umoja ishapelekwa Machi, ikashuka chini ya bilioni 2. Na Uingereza ilikuwa na hisa asilimia 16 mle ndani! Ametoka, mtaji wake yuro bilioni 3.5 anarudishiwa kidogo kidogo kwa miaka 12, faida iliyojikusanya hapati. Wewe ushaona mtu anatoka kwenye chama cha kuweka akiba hivyo? Wale kina mama wa Shella wanaogombana kila mwezi hata wao hawatoki, wanajua kilicho ndani. Na mwaka huohuo wa 2017 serikali yao ikauza Green Investment Bank, benki yao wenyewe ya nishati safi, kwa Macquarie wa Australia, pauni bilioni 2.3. Benki nyingine ya miundombinu wakaja kufungua 2021 huko Leeds.

Najua utasema upepo haukufa. Kweli haukufa, umeongezeka, na 2023 mnada wao wa mikataba ya umeme ulipokosa hata kampuni moja ya upepo wa baharini ilikuwa ni bei waliyowekewa na gharama zilizopanda dunia nzima, sitaki kuibebesha kura kila kitu. Hata la visa ulipatia, watu wa nje ya Ulaya waliongezeka kweli. Mimi ninachosema karatasi yenu ya kura ilikuwa na maneno mawili, kubaki ama kutoka. Benki haikuandikwa pale. Lenta haikuandikwa pale.

Na ile mitambo 365 ya upepo ya kule Marsabit unayopenda kututumia picha zake, benki hiyohiyo ya Ulaya ni mmoja wa wakopeshaji wake wakubwa. Hapa Langobaya nako kuna sola ya megawati 40, imeanza mwisho wa 2021, mkopo ulitoka CDC ya Waingereza na DEG ya Wajerumani, mashirika yao ya kuwekeza nchi za nje, yaani kwao talaka imekamilika mwanzo wa mwaka huohuo, halafu pesa zao zinakutana vichakani huku kwetu.

Kura ya maoni sisi tunaijua kaka. 2005 ndizi ya kuikubali katiba mpya na chungwa la kuikataa, chungwa likashinda, Rais Kibaki akavunja baraza la mawaziri, na zile kambi mbili ndizo zikaenda kukutana kwenye uchaguzi wa 2007. Ulikuwa bado uko hapa, usijifanye umesahau.

Basi, yule fundi amechoka siku hizi, kijana wake ndiye anamalizia madirisha, anauliza utatuma mwezi huu ama ujao. Mlango wa nyuma tumeshaupachika, ila vile vyuma tulivitumia vivyo hivyo na kutu yao na lenta pale imepinda kidogo. Ukija usiubamize.