Nyumba yangu ina namba nne, ya tano sitaki

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini ile ripoti yenu ya wakazi wanavyozozana juu ya namba mpya za nyumba na kugawa upya maeneo ya posta imenikera. Mumeiandika kana kwamba kuna kambi mbili tu, wanaotaka namba ni watu wa maendeleo na wanaokataa ni waoga wa kodi. Mimi si mwoga wala sikatai namba. Ninazo nne tayari.

Njooni Majengo muhesabu. Juu ya mlango kuna kibati cha kanjo ya zamani, kimeliwa na kutu lakini ukikikazia macho wasoma 14. Kwenye fremu kuna maandishi ya watu wa sensa ya 2019, hayo hata usugue vipi hayatoki. Ukutani juu ya baraza kuna 41 ya rangi nyekundu, ililetwa na vijana wenye vizibao vya kung'aa, hawakubisha hodi, hawakusema watoka wapi, walipiga rangi wakenda zao ikabaki kuchuruzika mpaka kwenye mkeka wa mama. Ya nne iko kwa risiti ya kodi ya kiwanja, maana kwetu wengi nyumba ni yako lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwengine. Ndio watu wakimuona mtu na brashi roho zawapanda, kila mmoja ajiuliza hii namba yaandikwa kwa jina la nani, la mwenye nyumba au la mwenye ardhi. Hilo ripoti yenu haikuligusa kabisa, mumeona rahisi kusema watu hawajaelimishwa.

Sasa hiyo 41 niwaambie ilivyonitenda. Ramadhani ya mwaka jana, siku ya Ijumaa, mimi niko Marikiti nanunua tende na viazi, nyumbani yuko mama peke yake kwenye baraza, na umri wake ushapita 80. Akaja jamaa na spana na karatasi. Mama akamwambia, mwanangu, sisi hatudaiwi, ngoja nimuite kijana wangu akuonyeshe risiti, yule jamaa akamjibu, mama, mimi nafuata namba, karatasi yasema 41 na ukutani pana 41, akainama akakata maji akaondoka na kipande cha paipu mkononi. Kumbe 41 ya kwenye karatasi ni nyumba nyengine kabisa, huko chini karibu na duka la makaa, mwenyewe alikuwa na deni la miezi na siku hiyo aliogea maji yake vizuri tu. Siku 9 tumenunua mitungi ya mkokoteni, saumu juu, daku maji hakuna, mwaona raha hiyo? Na nilipofika ofisini kwao, karani aliniuliza nyumba yako ni gani, nikamtajia namba zote nne, akanitazama tu. Nikamwambia basi, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, mbele pana mwarubaini uliokatwa tawi. Akasema aaah, pale! Pale napajua, dada yangu ameolewa mtaa huo. Wallahi nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Yuwapajua! Bila namba yoyote yuwapajua!

Na hii habari ya maeneo ya posta nayo. Wanasema barua zitafika mlangoni. Barua gani? Mimi miaka yote nalipia sanduku, na ile namba ya posta 80100 ninayoandika kwa anwani yangu ni ya posta kuu pale Digo Road, si ya nyumba yangu, nikitaka barua nachukua ufunguo naenda mwenyewe, na siku hizi nikifungua nakuta vumbi na bili ya sanduku lenyewe. Digo Road yenyewe wazee wetu mpaka kesho waiita Salim Road, na Moi Avenue kwao ni Kilindini Road, jina jipya laandikwa kwa kibao lakini mdomo wa watu haupigwi rangi. Sasa wewe wataka kugawa mji upya kwa ramani, na kijana wa boda hapo nje bado aelekezwa "ukifika kwa muuza mahamri kata kushoto".

Kama ni lazima iwe basi iwe moja tu, hizo nne zifutwe kwanza, na aliyeleta rangi nyekundu aje aifute kwa mkono wake. Na kabla hawajaanza nina ombi dogo. Huyo afisa mkubwa wa mradi aje Ijumaa baada ya swala, nitampa sinia la pilau limefunikwa kawa, asimame nalo mlangoni mwa posta Digo Road, alilete kwangu kwa kufuata namba zake hizo mpya, bila simu, bila kuuliza mtu yeyote njiani, hata muuza mahamri asimuulize. Likifika la moto nitakipigilia kibati chake mwenyewe kwa nyundo yangu. Likifika limepoa, alile palepale kwenye baraza, mama amuangalie.

Mkazi wa 14, au 41,
Majengo, Mombasa